Kumuaga Diwani Aliyetuletea Ghorofa

Mstahiki Meya, Waheshimiwa Madiwani, Mkurugenzi wa Manispaa pamoja na maofisa wako, ndugu wageni waalikwa, majirani zangu, na wewe mdogo wangu unayeagwa leo: habari za mchana.

Walioandaa shughuli hii waliniuliza mara mbili kama kweli nitasema. Nawaelewa. Wengi wenu mlinifahamu nikiwa nje ya ukumbi huu nimeshika bango, na bango lenyewe lilimpinga huyuhuyu ninayemuaga. Nililishona mwenyewe, kwa herufi nyekundu.

Kwa wageni, nieleze kidogo. Kanuni ya zamani ya mji wetu ilisema kiwanja kimoja, nyumba moja, familia moja. Watoto wetu wakishaanza kujitegemea walihamia mbali, kwa kuwa hapa hapakuwa na pa kupanga. Mdogo wangu alipoingia barazani, akapendekeza viwanja vya kando ya barabara ya mabasi viruhusiwe nyumba za ghorofa, zikae familia kadhaa. Mtaa ukachafuka. Watu wakampachika jina la Bi Ghorofa. Mimi, dada yake wa tumbo moja, nikawa mwenyekiti wa wapinzani, maana kiwanja cha kwanza kuombewa kibali kilipakana na changu.

Mimi ni fundi cherehani. Nashonea dirishani, na mwanga wa dirisha lile ndio unaonipa kula. Je, nani kati yenu angekaa kimya?

Madiwani waligawanyika nusu kwa nusu, na kura yake ndiyo iliyokuwa ya kuamua. Nikamtuma mumewe amwambie siku hiyo asitokee, aseme anaumwa, hakuna atakayemlaumu. Jibu alilileta mwenyewe. Siku moja kabla ya kikao akaja kwangu, akaketi wanapokaa wateja, na chai akaikataa.

“Dada,” akasema, “kesho naunga mkono. Nimekuja nikwambie mwenyewe, usije ukasikia kwa watu.”

Nikamjibu kwamba kama ni hivyo, uchaguzi ukija nitampa kura mpinzani wake.

“Haya, dada,” akasema. Akaaga, akaenda zake.

Kila mmoja wetu akatimiza neno lake. Kanuni mpya ilipita. Uchaguzi ulipofika akashindwa, kura yangu ikiwamo katika zilizomwangusha, na Mheshimiwa aliyemshinda ameketi pale mbele. Namshukuru kwa kuja. Ghorofa nayo ilikuwa imeshajengwa, na siku hizi nawasha taa mchana kweupe. Sikuja hapa kusema nimezoea. Sijazoea.

Lakini ndugu zangu, ni wangapi kati yetu waliowahi kuambiwa jambo chungu ana kwa ana na kiongozi waliyemchagua? Tumezoea kupigwa chenga. Simu haipokelewi, na siku ya siku tunashtukia trekta limeshafika. Huyu alipita kila nyumba iliyopakana na kile kiwanja, akasimama mlangoni, akasemwa vibaya, akashukuru, akaenda nyumba ya pili. Na mjenzi alipotaka kuusogeza ukuta wake hadi kwenye uzio wangu, aliyekuja na kamba ya kupimia, akasimama juani mpaka ukarudishwa nyuma, ni yeye. Wakati huo alishajua kura yangu hapati.

Mwezi uliopita binti yangu, mwalimu wa shule ya msingi ya hapa hapa, ambaye miaka yote analala mji wa jirani kwa kukosa nyumba, alikuja kuniambia amepata. Nikamuuliza wapi. Akanyoosha kidole dirishani. Nikachukua kalamu na daftari langu la vipimo. Kisha nikamuuliza vipimo vya madirisha yake, nimshonee mapazia.

Mheshimiwa mpya, uliahidi kuirudisha kanuni ya zamani, na ni ahadi hiyo iliyokupa kura yangu. Siku ya kikao nitakuja kukusikiliza. Ombi langu ni moja tu: ukishaamua, uamue lolote, pita kwanza kwangu uniambie. Ukitoka kwangu, panda kwa binti yangu, ghorofa ya pili, mlango wa kushoto. Naye mwambie.

Mdogo wangu, tumebishana na bado tutabishana. Uongozi wako ulikuwa wa wazi, na hilo nalisema mbele ya watu wote hawa. Jumapili njooni na shemeji tule pamoja.

Nawashukuru nyote kwa kunivumilia na kunisikiliza.