Bi Shavu na Ufunguo wa Chumba cha Vipodozi

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, mpambaji wetu wa studio anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya kupaka nyuso mnazoziona kwenye runinga. Jina lake limo kwenye barua ya utumishi. Sisi tunamwita Bi Shavu, naye huitika. Mimi ni mpigapicha wa kamera namba mbili. Nimeombwa niandike wasifu mfupi, wa furaha, usiogusa habari za stoo. Ufupi nitajitahidi.

Alianza na brashi tatu na sanduku la poda lililonunuliwa na mtu ambaye hakuwahi kumtazama msomaji wetu wa habari hata mmoja. Rangi ya mashavu ilikuwa moja tu, waridi ya kitoto, na kwa ngozi nyeusi kama zetu, taa zikiwaka, waridi ile hugeuka majivu. Bi Shavu alisaga nyekundu ya tofali na ile ya damu ya mzee, akazichanganya ndani ya kikopo cha zeri chenye kifuniko kilichobonyea. Kikopo hicho anacho mpaka leo.

Kioo hakukiamini. Kioo, alizoea kusema, ni shangazi yako, atakusifia tu; kamera ndiyo wifi. Kila aliyepakwa alipelekwa kwanza chini ya taa, akatazamwa kwenye skrini, ndipo brashi ikarudi kazini. Na kabla ya yote humuuliza mtu leo anasoma nini. Wapambaji wa harusi humtaka bibi harusi atabasamu, wakapaka pale shavu linapofura. Msomaji akisoma msiba, shavu hushuka na rangi hushuka nalo, akaonekana ana homa. Kwa hiyo siku ya habari nzito Bi Shavu hupaka juu, karibu na mfupa, tena kidogo.

Aliwahi kukosea, msidhani ni malaika. Zilipokuja kamera zenye macho makali, alipaka kwa kipimo cha zamani. Simu zikalia mpaka tukachoka: watazamaji walitaka kujua nani kamzaba kofi msomaji wetu. Alicheka kuliko sote, kisha akashinda Jumamosi nzima mbele ya kamera yangu akijipaka na kujifuta, hadi akapata kipimo kipya.

Sasa stoo. Meneja wa vipindi wa wakati ule alibandika tangazo mlangoni pa chumba cha vipodozi: wasomaji wote wapakwe poda nyeupe kuliko ngozi zao, kwa kuwa skrini inapenda weupe. Bi Shavu alilibandua, akalikunja vizuri, akawa anakung'utia brashi juu yake. Alipoitwa ajieleze, alijibu kwamba aliajiriwa kupaka nyuso, si kuzifuta. Akahamishiwa stoo ya mavazi, kupanga makoti.

Jioni hiyo msomaji wa taarifa ya habari alipakwa na mtu mwingine, kama amri ilivyotaka. Aliposhika karatasi, uso ulikuwa wa mtu mmoja na mikono ya mwingine. Mama yake alipiga simu kuuliza kama mwanawe anaumwa. Kesho yake msomaji alikwenda moja kwa moja stoo, akaketi juu ya kreti katikati ya makoti, akafumba macho. Wa michezo akafuata, na wa hali ya hewa. Meneja alitishia barua za onyo, akaziandika kweli, watu wakazisoma wakiwa kwenye foleni ya kreti. Foleni hiyo ikafikisha mwezi wa nane. Siku moja ikambidi yeye mwenyewe atokee hewani kuomba radhi kwa hitilafu ya matangazo, nasi tukamwona akiinama kuingia stoo. Bi Shavu hakumsimanga. Alimuuliza leo anasoma nini, akampaka, akapendeza. Wiki iliyofuata Bi Shavu alirudishiwa kiti chake.

Mtu angedhani somo limeeleweka. Mwezi uliopita tumetangaziwa kwamba nafasi yake haitajazwa, kwa kuwa mtambo mpya utapaka mashavu wenyewe ndani ya kamera. Chumba kitakuwa ghala la nyaya, na ufunguo urudishwe leo saa kumi, kabla ya sherehe. Mtambo huo nimeujaribu. Ulimpaka msomaji wetu mashavu ya harusi akiwa anasoma habari za ajali ya basi. Niliona aibu kuishika kamera.

Ofisi inakushukuru kwa utumishi uliotukuka; imeandikwa kwenye cheti. Sisi tunakushukuru kwa nyuso zetu. Bi Shavu, pumzika. Lala mpaka jua likuchome, cheka na wajukuu, na Mungu akujalie uzee mwepesi. Kikopo ulichotuachia kimo kwenye droo, kimejaa. Msomaji wako ameshajua kusaga, na mimi nimejifunza kuuliza lile swali. Mkisoma haya saa kumi imeshapita, na ufunguo uko mfukoni mwangu.