Tambara Kwenye Tundu la Bafu

Ninyi wenye hita ya gesi bafuni, haya niliyasikia jana ndani ya basi. Bibi mmoja, kiti cha mbele yangu, alikuwa akimlalamikia fundi gesi aliyeketi naye: "Kile kimoto cha kuwashia hita nakiwasha, kinazimika. Mara tano leo, mwanangu!" Fundi akauliza, "Bafu lina tundu la hewa, bibi?" "Lipo, nimeliziba kwa tambara. Namwogeshea humo mjukuu wangu mchanga, baridi itamuumiza."

"Litoe leo leo! Moto unazimika kwa kukosa hewa, na mtoto anavuta hewa hiyohiyo. Ile gesi ya sumu inayotoka hapo haina harufu, inakulaza tu usiamke." "Kwani wewe umewahi kuogesha mtoto?" "Wanne, wawili mapacha." Bibi akacheka hadi kilemba kikamlegea. "Basi unajua wanavyopiga chafya! Haya, nitalitoa nusu." "Nusu, bibi? Na yeye apumue nusu?"

Basi likasimama, bibi akashuka huku akicheka. Mimi nikapiga simu nyumbani hapohapo, nikamwamuru binti yangu afungue dirisha la bafu. "Mama, si sisi tunachemsha maji kwa sufuria?" Fungua tu, nikamwambia.