Aliyebonyeza "Kubali Zote"

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi; Ndugu Mkurugenzi Mkuu; wakuu wa idara; wastaafu mliotutangulia, ambao leo nawaona mmenawiri hadi mnanitia wivu; wafanyakazi wenzangu; dada yangu fundi cherehani, uliyekaa pale mbele na mkoba mapajani kama mtu anayeondoka sasa hivi; ndugu wageni waalikwa, mabibi na mabwana: habari za mchana.

Nimepewa dakika kumi na tano. Mshereheshaji amenionya nisizidi, na akaniomba niseme mambo mazuri tu. Hilo la dakika nitajitahidi.

Ndugu Mkurugenzi, umenisifu sana. Umesema kwamba kwa miaka ishirini na sita niliyokaa Idara ya Majaribio hakuna kosa lililonipita. Watu wakapiga makofi. Nikakutazama, nawe ukanitazama, na sote wawili tukajua kwamba si kweli. Nitafika huko. Kwanza niwaeleze wageni kazi yenyewe, maana hata dada yangu huyu, tuliyelala kitanda kimoja utotoni, kila mwaka huniuliza, "Hivi wewe hasa unafanya nini?"

Taasisi yetu inatunza lugha ya kompyuta. Watu wengine huandika programu zao kwa lugha hiyo: za mashuleni, za mabomba ya maji, za zahanati. Wenzangu wa ghorofa ya juu huiongezea lugha mambo mapya. Sisi wa ghorofa ya chini, karibu na choo kisichofunga vizuri, tunahakikisha kwamba walipoongeza jipya hawakuharibu la zamani. Kila kosa lililowahi kumuumiza mtu, likisharekebishwa, tunaliandikia jaribio dogo, na jaribio hilo hukimbizwa na kompyuta kila siku ili kosa lisirudi. Nilipomweleza dada hivyo, akasema, "Yaani wakishona kifungo, wewe unapima shati zima upya?" Nikamwambia ndiyo, dada. Akasema, "Hao mafundi wenu hawaaminiki." Nikamwambia, dada, umeielewa kazi yangu kuliko wakuu wanne wa idara.

Na nyinyi wenzangu wa ghorofa ya juu, hebu niulize. Katika miaka ishirini na sita, ni nani kati yenu aliyewahi kushuka ngazi zile akaniambia, "Mama, nimeharibu"? Hata mmoja! Mlikuwa mnakuja na vikombe vyenu vya chai, mnaegemea mlango, na kusema, "Mama Majaribio, jaribio lako lina matatizo." Jaribio langu! Likiwa kijani, yaani limepita, ni kazi yenu nzuri. Likiwa jekundu, limefeli, ni mwanangu mtundu. Na dawa yenu mliyoizoea ni kuliwekea alama ya "ruka kwa muda". Muda gani, ndugu zangu? Nimekuta jaribio lililorukwa kwa muda tangu mwenye kuliruka akiwa bwana harusi. Sasa ana mtoto wa darasa la tatu.

Basi, nifike nilikosema nitafika.

Katika mwaka wangu wa tisa ilitujia barua ya mkono kutoka kwa muuguzi wa kituo cha kusafisha damu kwa mashine, wale wanaowahudumia watu ambao figo zao zimechoka. Programu iliyowapangia wagonjwa siku za kuja ilikuwa imeandikwa kwa lugha yetu. Aliona kwamba programu ikihesabu siku kurudi nyuma, ikivuka mwanzo wa wiki, inakosea siku moja. Aliligundua kwa kalamu na kalenda ya ukutani, kabla mgonjwa yeyote hajadhurika. Kosa lilikuwa letu, si la programu yake. Tukalirekebisha, nikaliandikia jaribio, na juu ya jaribio hilo nikaweka sentensi moja: "Kuna mgonjwa anaingoja siku hii." Kisha nikamjibu yule muuguzi kwa mkono wangu kwamba kosa hili halitarudi.

Miaka kumi na moja ikapita. Majaribio yakafika elfu kumi na moja. Mtindo wake ulikuwa wa kizee: kila jaribio lilikuwa na karatasi ya majibu, na kompyuta ililinganisha herufi kwa herufi. Nukta ikihama, jekundu. Niliomba mara tatu turekebishe mtindo ule. Mara ya tatu niliambiwa kwenye kikao, mbele ya watu, "Mama, tukipoteza miaka miwili humo, wateja wataona nini kipya?" Nikajibu, "Hawataona chochote. Ndiyo faida yake." Watu wakacheka, ajenda ikasonga.

Ndipo mwenzetu mmoja wa ghorofa ya juu, mtu mpole, msomaji wa vitabu, akaona kwamba maonyo ambayo lugha yetu humpa mtumiaji yameandikwa vibaya. Akaongeza mkato mahali panapostahili mkato. Koma moja! Asubuhi ile nikakuta majaribio elfu tatu mia moja arobaini na nane ni mekundu. Nilipanda ngazi nikamwambia, "Ndugu yangu, koma!" Akadhani namsifia koma yake. Tangu siku hiyo jina lake ni Koma, na wengi wenu humu hamlijui jingine.

Palikuwa na kitufe kwenye programu yetu ya majaribio: "Kubali zote". Ukikibonyeza, majibu mapya yote yanageuka kuwa ndiyo sahihi. Siku ile ilikuwa Ijumaa, saa tisa alasiri, na toleo jipya lilikuwa litoke Jumatatu. Mmoja wetu alianza kuyasoma yale majaribio moja moja. Alisoma mia mbili na sitini. Yote koma. Koma, koma, koma. Akachoka, akakasirika, akabonyeza.

Katikati ya zile koma elfu tatu palikuwa na jaribio moja lisilokuwa la koma. Mtu mwingine, wiki ile ile, alikuwa ameifanya hesabu ya kugawanya, ile inayotumika kupata siku za wiki, iende kasi zaidi, na akalirudisha lile kosa la siku. Jaribio lilipiga kelele kama lilivyofundishwa. Likakubaliwa pamoja na mengine.

Kituo kile kikaweka toleo jipya. Wagonjwa wanne waliotakiwa Jumatatu wakapewa Jumanne. Watatu walistahimili. Wa nne, mzee seremala, aliletwa Jumanne amebebwa na wanawe wawili, miguu imevimba, hawezi kumaliza sentensi moja bila kutafuta pumzi. Akalazwa siku kumi na moja.

Simu ya muuguzi niliipokea mimi. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Alisema, "Dada, ni mimi wa ile barua. Si uliniandikia kwamba halitarudi?"

Nilimwambia nitafuatilia. Mabibi na mabwana, nitafuatilia nini? Kumbukumbu ya kompyuta ilionyesha kitufe kimebonyezwa na mashine ya pamoja tuliyoitumia wote, bila jina la mtu. Na kwa kuwa kila mtu aliijua koma, kila mtu akajua nani wa kulaumiwa. Mezani kwenye chakula cha mchana watu walihamisha sahani zao. Kuna aliyebandika mkato mkubwa mwekundu kwenye mlango wa Koma. Yeye akaubandua, akaukunja, akautia mfukoni, akaendelea na kazi.

Na aliyebonyeza alikuwa akiyaona hayo yote, siku tisa nzima, akanyamaza.

Aliyebonyeza ni mimi.

Tulieni, tafadhali. Sijamaliza.

Ni mimi. Lile jaribio nililiandika mwenyewe, na ile sentensi ya mgonjwa ni yangu, na nilipita juu yake bila kuisoma kwa sababu nilikuwa na hasira na koma. Miaka yote nimewakemea kwa uvivu wa macho, na macho yaliyofanya uvivu mkubwa kuliko wote ni haya.

Siku ya kumi niliingia ofisini kwako, Ndugu Mkurugenzi. Ulikuwa dirishani unakata kucha. Nikasema, "Bosi, niliyebonyeza ni mimi." Ukakaa. Ukasema, "Mama, ripoti imeshakwenda kwenye Bodi. Imeandikwa kosa la mfumo." Nikakuuliza, "Mfumo una vidole?" Ukaniambia aliyelala usimwamshe. Nami, nikiri, nilipumua. Niliona nimeponea chupuchupu. Lakini nilipofika mlangoni nikageuka nikasema, "Sawa. Kama aliyekosa ni mfumo, basi nipe ruhusa niubadilishe mfumo." Ukatia saini. Nakushukuru kwa saini ile. Kwa yale mengine, tutaongea kama wastaafu zamu yako ikifika.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Koma nikamwambia. Alikuwa anamenya chungwa. Akasema, "Mama, mimi nilishajua. Ijumaa ile tulibaki wawili tu jengoni, na mimi sikubonyeza." Nikamuuliza, "Na hukusema?" Akasema, "Nilikuwa nasubiri uniambie." Kisha akanigawia nusu ya chungwa. Nitamfanya nini mtu kama huyo? Nilitamani anitukane!

Tulifanya kazi ile pamoja, miaka miwili na miezi minne. Kila jaribio tuliliandika upya, likalinganisha maana badala ya herufi, ili koma isije ikamficha mgonjwa tena. Kila moja likawekewa sentensi inayosema linamlinda nani. Kitufe cha "Kubali zote" tulikiondoa. Sasa unakubali moja moja, na jina lako linaandikwa. Mkalalamika! Kuna aliyeniandikia kwamba nimeirudisha taasisi nyuma miaka kumi. Barua hiyo ninayo, na mwenyewe yuko karibu na feni.

Na katika kuhamisha tukagundua jambo la kuchekesha kama lisingekuwa la kutoa machozi. Majaribio mia sita na arobaini hayakuwa yakipima kitu. Majina ya faili yalikosewa zamani, kompyuta ilikuwa haiyaoni, na kisichoonekana hakiwezi kuwa chekundu. Miaka kumi na minne tulikuwa tunajipongeza kwa ukijani wa majaribio ambayo hayajawahi kukimbia hata hatua moja. Tulipoyaamsha, tisini na moja yakawa mekundu siku hiyo hiyo. Mkuu mmoja wa idara aliniuliza, "Mama, si yalikuwa yanapita? Kwa nini umeyagusa?"

Nilikwenda pia kumwona yule mzee seremala. Alikuwa amekaa barazani mwa nyumba ya bintiye, anapiga randa ubao mdogo, kidogo kidogo, anapumzika, anaendelea. Nilimweleza yote. Akaniuliza, "Kwa hiyo wewe ndiye kompyuta?" Nikasema, "Ndiyo, mzee wangu. Ni mimi." Akapuliza maranda. Akasema, "Basi siku nyingine soma." Kisha akamwita bintiye aniletee maji ya kunywa. Mpaka leo yuko hai, na Jumatatu zake anazipata Jumatatu.

Sasa, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi. Ndugu Koma amenyamaza miaka sita. Mara mbili jina lake limefika kwenye kikao cha vyeo, na mara mbili mtu amekohoa akasema, "Huyu si yule wa koma?" Mkewe yuko humu ukumbini. Kwenye sherehe zetu amekuwa akisikia mzaha kwamba mumewe alimpeleka mtu hospitali kwa mkato mmoja, na amekuwa akitabasamu nao kwa adabu. Shemeji, leo usitabasamu. Mumeo hakumdhuru mtu. Alisahihisha sentensi.

Nilipaswa kusema haya miaka sita iliyopita, nikiwa bado na cheo cha kupoteza. Nimeyasema leo, nikiwa nimeshakabidhi funguo, na najua kwamba huo si ujasiri. Koma, mdogo wangu, mbele ya hawa wote naomba radhi. Usisimame. Keti. Nikikuona umesimama nitashindwa kumaliza. Bahasha ya kahawia iliyo mbele yako, Mheshimiwa Mwenyekiti, si barua ya shukrani. Ni maelezo yangu yenye saini, na ombi kwamba ripoti ile ifunguliwe na pale palipoandikwa "mfumo" paandikwe jina langu lote. Nakusihi uisome kabla ya kuondoka. Isome yote.

Nawashukuru wenzangu wa ghorofa ya chini, mliovumilia kelele zangu. Nakushukuru, dada, mkoba unaweza kuuweka chini sasa. Nawashukuru hata nyinyi wa ghorofa ya juu, maana bila makosa yenu ningekula nini?

La mwisho kabisa. Kabla ya kuingia ukumbini humu nilipita mezani kwangu, nikayakimbiza majaribio kwa mara yangu ya mwisho. Elfu kumi na moja mia mbili na sita ni kijani. Matatu ni mekundu. Yameharibiwa leo asubuhi, siku ya kuniaga, na siku hizi majina yanaandikwa, kwa hiyo nawajua, nanyi mnajijua, na nimewaona mlivyoinamia simu zenu tangu nilipoanza kuongea.

Wageni wetu, asanteni sana kwa kunivumilia mpaka hapa. Chakula kiko tayari, karibuni. Nyinyi watatu mtakula baadaye.