Neno Nililomwambia Mume Wangu Asubuhi Ile

Bwana asifiwe! Asifiwe tena, kwa maana wengi hapa mnajua mdomo huu ulikaa kimya karibu miaka miwili. Mimi ni Mama Chelangat, mkulima mdogo wa chai kule juu ya Silibwet. Ndugu zangu, nimeokoka tangu nikiwa msichana. Lakini mtu anaweza kuwa ameokoka na bado amefungwa.

Mume wangu, Kipngeno, alikuwa mtu wa polepole. Fensi yetu ilianguka upande wa chini, nikamwambia aitengeneze, akasema kesho. Kesho ikawa wiki tatu. Asubuhi moja nikatoka nikapata ng'ombe amemaliza sukuma wiki yote. Nikawaka! Yeye alikuwa anatoka na kikapu kwenda kuchuma chai. Nikampigia kelele mbele ya watoto: "Enda! Enda na usirudi hapa!"

Hakurudi.

Mchana alipeleka majani kwenye kituo cha kupimia. Mvua ya mawe ikaanza, watu wakakimbilia chini ya mabati, radi ikapiga. Wote waliangushwa. Wote waliinuka, ila yeye.

Kwa mazishi sikulia. Watu wakasema, "Mama Chelangat ana imani." Haikuwa imani! Nilikuwa nasikia sauti yangu mwenyewe: usirudi hapa. Sisi Wakipsigis tumelelewa tukijua kwamba laana ya mtu wa nyumbani si mchezo. Halafu mhubiri mgeni akaja sokoni, akasema anayetamka kifo juu ya nyumba yake ameua. Nikaenda mbele. Akaniambia nifunge. Nikafunga mpaka nguo zikanilegea, lakini sauti ile haikutoka.

Basi nikaanza kuogopa mdomo wangu. Mtoto akikosea, sikumkaripia. Akienda shule, sikumbariki, nisije nikateleza nikasema neno likampata. Siku moja Chelangat, ambaye alikuwa na miaka kumi na mmoja, akaniuliza, "Mama, mbona huongei na sisi? Ulitukataa?"

Nikazunguka nyuma ya jikoni nikalia. Wazo likanijia kwamba hawa watoto ni afadhali wabaki bila mimi. Nalitaja wazi, ndugu zangu, kwa sababu huenda kuna mtu ameketi hapa na wazo kama hilo, na amevaa vizuri, na anaimba.

Nilitoka hapo moja kwa moja mpaka kwa mchungaji wetu. Hakunipigia kelele, hakunisukuma kichwa kama anayetoa pepo. Aliniuliza waziwazi kama nimepanga kujidhuru, akanisikiliza mpaka mwisho. Siku hiyohiyo dada yangu akaitwa aje akae na mimi, wakanipeleka kwa daktari, na mchungaji akanikabidhi kwa Mama Esther, mzee wa kanisa ambaye kazi yake ni kuketi na watu na Neno la Mungu.

Mama Esther alikuja kila Jumanne. Mwanzoni hakuuliza kitu. Alifunga leso kiunoni, akachuma chai na mimi. Jumanne ya tatu, katikati ya mistari ya chai, nikamwambia yote. Nikangoja akimbie.

"Ulimwambia hivyo kweli?" akauliza.

"Ndiyo."

"Basi hiyo ni dhambi, na tutaitubu."

Nilishtuka. Nilidhani ataniambia usijali!

"Na radi je?" akaendelea. "Ni wewe uliituma?"

"Hapana, lakini..."

"Hakuna lakini. Mama Chelangat, umejibebesha kazi ya Mungu. Uhai wa Kipngeno haukuwa kwa mdomo wako hata siku moja."

Tukaanza kusoma, polepole, Jumanne baada ya Jumanne. Tulisoma habari za Petro, aliyemkana Bwana wake kwa mdomo, na baadaye Bwana akamwandalia samaki ufuoni. "Unaona?" Mama Esther akasema. "Huyu pia alikuwa na mdomo." Nikacheka! Mara ya kwanza tangu mazishi, nikacheka na machozi yakanitoka. Nikapiga magoti hapo penye matope, nikatubu ukali wangu. Radi nikamwachia Mungu mwenyewe.

Haleluya! Nililala kama mtoto.

Lakini jambo moja lilibaki. Mama mkwe wangu, tunayemwita Kogo, hakujua. Niliogopa, kwa maana angeweza kunifungia mlango na ukoo wote ungesimama naye. Mama Esther akasema, "Hatuendi kutafuta adhabu. Umeshasamehewa. Tunaenda kusema ukweli." Tukavuka kijito, tukaketi kwake, nikamwambia.

Kogo aliweka kikombe chake chini. Halafu akasema, "Alipitia hapa asubuhi ile. Alikuwa anacheka. Aliniambia, 'Mama, leo nimefukuzwa, na ni haki yangu. Nipe nyundo nikatengeneze ile fensi.' Mimi ndiye nilimwambia achume majani ayapeleke kwanza." Akaanza kulia. "Ningempa nyundo, mtoto wangu, angekuwa nyumbani."

Ndugu zangu! Miaka miwili tumeishi tukitenganishwa na kijito kidogo, kila mmoja akijiita muuaji! Nikamshika. Nikamwambia yale niliyoambiwa kwenye mistari ya chai: "Kogo, uhai wake haukuwa kwa mkono wako pia." Sauti yangu ilitoka bila woga. Siku hizi Mama Esther anasoma na sisi wawili, na Kogo ndiye anauliza maswali magumu.

Watoto wangu nawabariki kila asubuhi, kwa sauti, mpaka Chelangat anasema, "Mama, tumesikia!"

Mungu hakunirudishia Kipngeno. Bado namlilia. Lakini sasa nalia kama mjane, si kama muuaji. Namshukuru Yesu, na nalishukuru kanisa hili ambalo halikuniacha na mzigo wangu.

Na wewe uliyebeba neno lako hapo ulipo, mwamini Bwana, na usimwamini ukiwa peke yako. Mama Esther ameketi pale nyuma karibu na dirisha, ana kitambaa cha kijani. Usitoke kabla hujamsalimia.