Chupa Tupu ya Mama Subiri

Mheshimiwa Mkurugenzi, ndugu wageni waalikwa, wafanyakazi wenzangu, na wewe Mama Subiri, ambaye tumekuja kukuaga ingawa bado hujavua koti la maabara:

Nimeombwa nimsifu mkemia wetu anayestaafu leo. Kazi yake ilikuwa kutafuta, ndani ya mawe yaliyotoka angani, fosforasi iliyoshikana na kaboni, ambayo huenda uhai uliihitaji ulipoanza. Basi namsifu: hakuna mtu aliyetuharibia sherehe nyingi kama yeye.

Mnakikumbuka kile kimondo cha kwanza? Mashine ilionyesha fosforasi tele. Mkurugenzi wetu, kwa ukarimu wake tunaoujua, akawaita waandishi wa habari siku hiyo hiyo. Viti vikapangwa, maua yakaletwa. Mama huyu akapitisha mashineni chupa tupu, iliyooshwa pamoja na zile nyingine, isiyo na hata chembe ya jiwe. Nayo ikatoa fosforasi tele. Ndugu zangu, tulikuwa tumegundua sabuni yetu ya kuoshea vyombo.

"Mama, si ungesubiri wageni waondoke?" Mkurugenzi akalalamika.

"Wewe ndiye ungesubiri, mwanangu."

Jina la Mama Subiri likamganda hapo hapo. Je, alipandishwa cheo? Alihamishiwa chumba kisicho na dirisha, kando ya sinki, nadhani ili awe karibu na ushahidi. Humo ameosha chupa kwa mikono yake, kwa tindikali na maji safi, akituambia "bado" mpaka akaitwa mkaidi, na wengine wakaacha kumsalimia.

Halafu zikaja punje za asteroidi, jiwe linalozunguka jua huko angani, vumbi la kujaa ukucha tu. Zikatoa fosforasi. Tangazo liko mfukoni mwa Mkurugenzi, hata kutoka hapa naona mfuko umevimba. Mama akagoma kutia sahihi mpaka chupa tupu ipite mashineni, na leo ndiyo siku yake ya mwisho. Isingepita leo, angeondoka na ule ukaidi tu.

Ndiyo maana amechelewa kuingia ukumbini. Nilimfuata, nikamkuta mbele ya mashine, miwani mkononi, machozi yanamtoka. Kwenye skrini mstari umenyooka, hakuna kitu.

"Chupa ni safi," akaniambia. "Basi fosforasi ile ni ya jiwe."

Ndugu zangu, asanteni kwa kunivumilia. Mheshimiwa, toa karatasi yako. Mama amekuja na kalamu.