Bi. Lukia, Binti wa Askari Ambaye Hakutoroka

Wafiwa wenzangu, mchungaji, na ninyi nyote mliopanda mlima kuja Mbaga leo, mimi ni Doris, kitinda mimba wa marehemu, nimepewa kazi ya kusoma maisha ya mama yetu, mnisikilize mpaka mwisho, hasa mliokaa hema la kushoto.

Mama, Lukia Aminieli, alizaliwa hapa Mbaga tarehe 12 Machi 1940, mtoto pekee wa Aminieli, aliyekwenda vitani Burma mwaka 1943 pamoja na mdogo wake, Asheri. Asheri alirudi peke yake, akatangaza kwamba kaka yake ametoroka jeshini na kuoa ugenini, na kwa kuwa mke wa mtoro si mjane, bibi yetu akafukuzwa shambani, akateremka Kihurio na mwanawe.

Huko Mama alisoma hadi darasa la nne, akaacha mwaka 1953 kwa kuchoka kuitwa binti wa mtoro, akalima mpunga, mwaka 1959 akafunga ndoa na baba yetu, Ezekiel, wakajaliwa watoto wanne.

Mwaka 2011 alisafiri hadi Nairobi, kwenye ukuta wa kumbukumbu ya askari, akakuta jina la baba yake limechongwa, akalia hadi mlinzi akamletea kiti. Kumbukumbu za jeshi zinasema Aminieli aliuawa tarehe 9 Novemba 1944, na aliyeitambua maiti ni Koplo Asheri, mdogo wake. Asheri huyo huyo, katika sensa ya 1948, alimwambia karani kwamba kaka yake yu hai, ni mtoro. Jamani! Umeiona maiti ya ndugu yako kwa macho yako, kisha unamchafua ili ule shamba lake!

Mama alimpelekea nakala za kumbukumbu hizo Mjomba Ibrahimu, mwana wa Asheri, akajibiwa kwamba yaliyopita si ndwele. Mtenda husahau, mtendwa hasahau. Mwaka 2017 baraza la ardhi lilimrudishia shamba, ndimo tunamomzika leo, lakini neno la kuomba radhi hakulipata.

Kisukari kilimwanza mwaka 2019, figo zikafuata, akafariki hospitalini Same, alfajiri ya Jumanne, tarehe 10 Juni 2025.

Ameacha agizo, kwamba kila mtu atupe udongo kaburini, isipokuwa nyumba ya Asheri, waliokaa hema la kushoto, mpaka mmoja wao asimame mbele yenu atamke kwamba Aminieli hakutoroka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Kihurio na wakulima wenzake wa mpunga, Mungu awazidishie.

Mjomba Ibrahimu, shikamoo, kipaza sauti nakiacha hapa mezani.

Mama, wewe pumzika kwa amani, wao wasipumzike kwanza.