Mgonjwa Aliyehesabu Mawe Yake

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka mkaguzi wa mizani ambaye soko zima lilimwita Hebu Tuone. Amefariki Jumanne, kwa ugonjwa wa moyo. Miaka sita iliyopita, moyo huohuo nusura umnyime matibabu ya figo.

Hebu Tuone hakumwamini mtu. Miaka thelathini alipekua mizani za wauzaji akitafuta sumaku chini yake, na sumaku alizipata. Nyumbani alikuwa vilevile. "Kabla ya kunioa aliniuliza umri mara tatu," mkewe anatuambia, "kila mara kwa njia tofauti."

Kisha figo yake ya kushoto ikaota mawe. Mawe matatu, picha ilionyesha. Maumivu yakimshika, mtu mzima alitambaa sakafuni. Hospitali ya kwanza ilikataa kumpasua: moyo umetanuka, akipewa nusukaputi huenda asiamke. Ya pili ikakataa pia. Ya tatu, daktari mmoja wa kike akamwambia, "Baba, tutakutibu ukiwa macho. Tunakuchoma ganzi mgongoni, tunatoboa tundu dogo ubavuni, tunayavunja na kuyatoa."

Akamkazia macho. "Wenzako wawili wamekataa. Wewe unajua nini wasichokijua?"

"Nimewatibu hivi wagonjwa wa moyo. Wengi walipona, si wote. Na moyo wako utatuvumilia mara moja tu. Hatutarudi."

Binti yake anasema jibu hilo ndilo lililomlainisha, maana mwuza uongo hataji hatari. Hata hivyo alimvuta binti pembeni. "Kaa mlangoni. Ukisikia nimenyamaza, ingia."

Siku yenyewe, wasikilizaji, alilazwa ubavu. Kiuno na miguu havina habari, mdomo uko kazini. Kila chombo kilichogusa sinia alikiulizia. Alisikia jiwe la kwanza likianguka kwenye bakuli. Akasikia la pili. Baadaye daktari akasema, "Tumemaliza. Tufunge."

"Hebu tuone kwanza. Picha ilisema matatu. Mimi nimesikia mawili."

Muuguzi akaguna. Daktari alidhani la tatu limesagika pamoja na mengine. Lakini alipiga picha nyingine, na jiwe la tatu lilikuwepo, limejibanza kwenye kona ya figo. Akalitoa. Miaka sita iliyofuata, mzee wetu hakutambaa tena.

Juzi mazishini daktari huyo alifika. Mjane, naye ameambukizwa shaka za mumewe, akamuuliza amefuata nini.

"Nimekuja kushukuru, mama. Tangu siku ile sifungi kabla ya kumhesabia mgonjwa, haya nimetoa, haya yamebaki. Wengi wananiambia, daktari, wewe funga tu, sisi tunakuamini. Hapo ndipo naogopa, narudia kuhesabu."

Poleni sana, mama na binti. Poleni wajukuu, poleni wakaguzi wenzake. Nasi tuliobaki tujiulize. Mara ya mwisho ulipokuwa mbele ya daktari, uliuliza nini? Au uliitikia tu, ukavaa viatu, ukaondoka?